Uzi: Injini ndogo za jeti za vindege vya rimoti, toleo la zamani na jipya zinatofautiana wapi hasa? Na mbona yangu inasukuma pungufu hapa Tabora?

FundiTurbo_Cheyo

Wakuu mwangaluka. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, leo umeme umerudi mapema ngoja niushushe wote. Wenye haraka piteni, wenye chai vuteni viti.

Mi ni fundi wa turbo, nipo Cheyo hapa Tabora mjini, kazi zangu ni turbo za Fuso na Scania zinazokuja zinavuja oili au zinalia kama mbwa. Mwaka juzi binamu yangu aliyeko Ujerumani alikuja msibani akanibebea kwenye begi, katikati ya nguo, injini ya jeti ya modeli, JetCat P80-SE ya mtumba. Zile za kufungwa kwenye vindege vya rimoti. Ukubwa wake kama chupa ya chai ile fupi, kipenyo milimita 112, uzito kama kilo 1.3. Siku ya kwanza naiwasha majirani walitoka nje wakiangalia juu wanatafuta ndege. Tangu hapo pm zimejaa, mkuu toleo gani zuri, mkuu ya zamani na mpya tofauti ni nini, nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Tuanzie mbali kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mjerumani anaitwa Kurt Schreckling alionesha kwamba jeti ndogo inawezekana kwenye karakana ya nyumbani. Injini yake FD3/64 gurudumu la kompresa, lile la mbele linalobana hewa, lilikuwa la mbao, ndio mbao, plaiwudi iliyozungushiwa nyuzi za kaboni, na turbaini, gurudumu la nyuma linalozungushwa na moto, alikata bati la chuma kisichoshika kutu akapinda mapanga moja moja. Vijana wa karakana kwangu nikiwaambia wanacheka wanadhani nawapiga fiksi.

Ikaja KJ66, na hii ndo mama wa nyingi mnazoziona leo. Hiyo 66 ni kipenyo cha gurudumu la kompresa kwa milimita, na gurudumu lenyewe mtu hachongi, anachukua la turbo ya gari! Hapo ndo moyo wangu uliruka maana magurudumu hayo ninayo ndoo nzima. Inasukuma kama nyutoni 75 (nyutoni 10 ni kama kilo moja ya msukumo) ikizunguka karibu mara 117,000 kwa dakika, piga hesabu utaona ncha ya jani la kompresa inakimbia mita 400 kwa sekunde, sauti yenyewe inaachwa. Waingereza wawili Mike Murphy na John Wright nao wakaja na MW54, ndogo zaidi. Mwenye mashine ya kukereza ya maana na uvumilivu alikuwa anajitengenezea mwenyewe kwa michoro.

Msichanganye na zile jeti za mtandaoni ambazo mtu anachukua turbo nzima ya lori anaichomelea chemba ya moto pembeni. Ile turbaini yake ni ya turbo, hewa moto inaingia kutoka ubavuni. Hizi za modeli turbaini ni ya kunyooka, moto unapita kutoka mbele kwenda nyuma, na chemba imezunguka shafti kama mkono wa shati, kwahiyo kila kitu kinaenea kwenye kopo moja.

Sasa matoleo. Ukishika P80 na P160 za JetCat utasema pacha, zote milimita 112, ila moja ni ya nyutoni 80 nyingine karibu 160. Katikati ipo hii yangu SE, karatasi yake inasema 97. Kopo halikubadilika, kilichobadilika ni tumbo, gurudumu la kompresa linalomeza hewa zaidi na turbaini inayoweza kulilisha. Halafu ikaja P100-RX ambayo ni milimita 97 tu na kilo 1.08 na inatoa 100. Yaani nyembamba kuliko yangu, nyepesi kuliko yangu, na inanizidi.

Lakini wakuu mkitaka ukweli wangu, nyutoni siyo habari kubwa. Habari kubwa ni KUWASHA. Zile za mwanzo kabisa hazikuwa hata na stata, mtu anapuliza hewa mdomoni mwa injini kwa feni au kwa mtungi wa hewa mpaka ishike kasi, ni mivukuto ya mhunzi ile ile ya wazee wetu sema imevaa suti. Kizazi kilichofuata ndo hiki cha kwangu: stata ya umeme inazungusha, valvu inaachia gesi, hita plagi inaiwasha, joto likipanda kontrol boksi inaanza kuingiza mafuta ya taa kidogo kidogo huku ikipunguza gesi. Tamu sana ikikubali. Ila gesi yenyewe ni ile ya vikopo vidogo, hapa Tabora nimezunguka mpaka nimechoka, nikaagiza Dar, kondakta akakigusa kiboksi akasoma maandishi akagoma kupakia na sikumlaumu.

Toleo jipya kama hiyo RX hakuna gesi kabisa. Ndani kuna kiwashio kinachopashwa joto mpaka kinakuwa chekundu, valvu ndogo inadondosha mafuta ya taa juu yake, yanageuka mvuke yanashika moto, valvu ya pili inafungua njia kuu basi safari imeanza. Tenki moja, mpira mmoja, unabonyeza rimoti unarudi nyuma. Mwenye toleo la gesi anatembea na mtungi, mpira, kiunganishio, na wasiwasi.

Sasa shida yangu na ndo nimewaitia. Nimeifunga kwenye kitoroli chenye bering, nyuma nimeweka mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki ikivutwa. Nyutoni 97 ni sawa na kilo 9.9. Mimi napata 7.7, nimepima siku tatu mfululizo mchana. Kontrol boksi inasema mizunguko imefika mwisho, joto la ekzosti lipo kawaida. Nimeshamwambia binamu kwamba aliyemuuzia kampiga, injini imechoka. Kabla sijairudisha huko kwa mafundi naomba mawazo. Uzi tayari.

Kanyenye Finest

Nimeweka mkeka hapa, karanga za kuchemsha zipo pembeni. Endelea mkuu.

Kipara Ngoto

Nchi watu wanagombania maji bombani wewe unachoma mafuta ya taa kufurahisha majirani. Sawa tu.

FundiTurbo_Cheyo

Kipara hilo bomba lenyewe likiharibika pampu utakuja kwangu nikubadilishie bering, na nitaijua bering ipi kwa sababu ya huu upuuzi. Tuendelee.

Migebuka Fresh

Habari za Tabora, mi nipo Kibirizi Kigoma. Swali la mvuvi. Hii kitu naweza kuifunga kwenye mtumbwi? Maana injini za boti vipuri vimepanda, na hiyo yako kilo moja na kitu mtu anaibeba kwapani, mwizi hata haioni.

FundiTurbo_Cheyo

Migebuka kaka yangu hapana hapana hapana. Nisikilize.

Jeti ya nyutoni 100 inasukuma kama kilo 10. Injini ya boti hata ya farasi 15 ukiifunga boti kwenye gati inavuta kilo zaidi ya mia. Jeti inarusha hewa kidogo kwa kasi ya kutisha, propela inasukuma maji mengi taratibu, na chombo kinachokwenda taratibu kinataka hiyo ya pili. Halafu ulaji. P100-RX ikikazwa inakunywa karibu mililita 390 kwa dakika, zidisha kwa 60 unakuta lita 23 kwa saa, kwa kilo 10! Utafika katikati ya ziwa dagaa wanakucheka.

Ila ngoja nikupe kitu kitamu. Hiyo P100 kompresa yake inameza hewa gramu 230 kila sekunde na kuibana karibu mara 2.9. Nimekaa na kalamu, kazi ya kuibana hiyo hewa peke yake inataka kama kilowati 30, yaani nguvu za farasi 40. Ndio, injini nzima ya boti, ile Enduro 40 yako, ipo ndani ya kopo, turbaini inaizalisha na kompresa inaila humohumo, wewe nje unapewa chenji.

Wapo waliojifunga hizi mwilini lakini. Yves Rossy wa Uswisi, tarehe 26 Septemba 2008 alivuka ile bahari nyembamba kati ya Ufaransa na Uingereza kwa bawa la mgongoni lenye JetCat P200 nne. Yeye alikuwa anakimbia hewani, na kwenye mwendo mkali ndo jeti inalipa. Mtumbwi haukimbii hivyo hata ukifukuzwa na radi.

Migebuka Fresh

Nimekuelewa. Mke wangu amesoma hapa amefurahi sana. Ila nitakuja kuiona.

dogo_isevya

Bro mi swali langu mafuta. Mafuta ya taa siku hizi unayapata wapi, na ukiweka dizeli je? Na hiyo oili inawekwa wapi maana sijaona sampu kwenye picha ulizorusha magrupu.

FundiTurbo_Cheyo

Dogo umeuliza swali lililonila hela.

Sampu haipo. Hizi injini oili inachanganywa ndani ya mafuta, kama pikipiki za zamani za tustroku, asilimia 5, yaani lita 20 za mafuta unatia lita 1 ya oili ya turbaini. Mrija mwembamba unachepusha mafuta kidogo yenye hiyo oili mpaka kwenye bering mbili, mbele na nyuma, yakishapita hapo yanakwenda kuungua na mengine. Hayarudi. Zile za zamani sana zilikuwa na kitenki cha oili pembeni, kuichanganya na mafuta ndo kulifuta lile zigo. Kwahiyo mafuta yakiwa machafu umechafua bering, oili ikiwa mbovu umeua bering, na hewa ikiingia kwenye mrija bering inazunguka kavu mara laki moja na ushee kwa dakika. Hakuna kusema nitarekebisha kesho.

Mwaka jana niliishiwa oili yenyewe. Nikajisemea oili ni oili, nikachukua ya tustroku ya kawaida ya dukani, ya bei ya chini, si sintetiki. Iliwaka vizuri, ikazunguka, nikapiga na video. Mara ya nne nikasikia mlio umebadilika, filimbi yenye mafua. Nikazima. Kuizungusha kwa kidole inakwaruza. Bering ya nyuma, ile inayokaa karibu na moto, imekauka imekuwa kahawia. Gololi zake ni za seramiki, hizo zilipona, kilichokufa ni kile kijumba kinachozishika. Ikabidi nisubiri mtu anayesafiri aibebe, ikafanyiwe huduma huko, miezi minne nimekaa na stendi tupu, na mke ananiuliza ile ndege yako ipo wapi. Kwahiyo oili ni ile ya turbaini za ndege za kweli, au ile ambayo kitabu cha injini YAKO kimeitaja kwa jina. Basi.

Mafuta: dizeli inakubali kwenye nyingi, moshi na harufu vinaongezeka na kwenye zile za kuwasha bila gesi inachelewa kushika. Mafuta ya taa tatizo ni lile la uchakachuaji. Mnakumbuka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya kwenye dizeli, tangu hapo vituo vingi havina hamu nayo, na ya kwenye vichupa mtaani hujui yamelala na nani. Mi nayachuja mara mbili, mara ya mwisho kwa filta ya pampu ya dizeli, halafu yalale siku nzima maji yashuke chini.

dogo_isevya

Duh. Na moto? Kama ikiwaka vibaya?

FundiTurbo_Cheyo

Mtungi wa kuzimia uwe wa CO2, siyo wa unga. Unga unazima moto na injini unaizika hapohapo, ukishaingia kwenye bering umekwisha. Na mdomo wa injini uangalie upepo unakotoka, upepo ukiingia kwa nyuma wakati wa kuwasha moto unarudi kukusalimia. Ikishindwa kuwaka usijaribu tena papo hapo, iinamishe kwanza mafuta yaliyodumaa ndani yamwagike, usipofanya hivyo mara ya pili utaona mkia wa moto mita nzima.

Mstaafu wa Reli

Nimesoma kuanzia juu. Nilikuwa fundi mitambo reli, nimekaa karakana miaka mingi, sasa nipo nyumbani na mizinga yangu ya nyuki. Hizo jeti zenu sizijui. Lakini wewe fundi wa Cheyo kabla hujamtukana aliyemuuzia ndugu yako, jiulize hiyo karatasi ya kilo 9.9 iliandikiwa wapi. Je, iliandikiwa Tabora?

Sisi genereta zisizo na turbo zilikuwa zinakuja kutoka pwani, pale bandarini zinabeba mzigo wake wote, zikipanda huku bara zinalegea. Vijana wanafungua pampu, wanabadilisha nozeli, wanalaumu dizeli. Hakuna kilichoharibika. Injini inavuta pumzi, na pumzi ya huku ni nyepesi.

FundiTurbo_Cheyo

Shikamoo mzee wangu. Naheshimu sana, ila hii ina kompresa yake mwenyewe, siyo kama genereta la kuvuta tu. Kompresa si ndo inamaliza hilo tatizo? Turbo kwenye lori kazi yake ndo hiyo.

Ticha Unyanyembe

Habari zenu. Mimi nafundisha fizikia sekondari, nimeletewa link na mwanafunzi ambaye alitakiwa awe anasoma. Kaka fundi, mzee yupo sahihi na ngoja nikupigie hesabu.

Kompresa yako haitengenezi presha fulani, inazidisha ile iliyoikuta. Kama inabana mara mbili na nusu, itabana mara mbili na nusu ya hewa ya Tabora. Turbo ya lori ina valvu ya kuachia moshi, ina akiba, ikipanda mlima inaweza kuzunguka zaidi kufidia. Yako kontrol boksi imeifungia mizunguko ya mwisho, haina pa kwenda.

Tabora tupo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa pwani ni kilopaskali 101.3, kwetu ni kama 87.7, hiyo ni asilimia 86.6 tu. Ndiyo sababu maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi na maharage yanachelewa kuiva kuliko ya Dar, mama zetu wanadhani ni mbegu. Sasa ongeza joto. Karatasi za injini hupimwa kwa hewa ya nyuzi 15. Wewe umepima mchana, mwezi wa kumi, tuseme 33. Hewa moto inatanuka, unagawa 288 kwa 306 unapata 0.94. Zidisha 0.866 kwa 0.94, imebaki 0.815. Kilo 9.9 mara 0.815 ni kilo 8.1.

Umepata 7.7. Hiyo tofauti ya gramu 400 nayo ina maelezo, hewa ya moto ni ngumu kuibana kwa mizunguko ileile kwahiyo hata ule uwiano wa kubana unashuka kidogo, halafu injini ni mtumba, na mizani ni ya samaki. Pima alfajiri uone.

Mstaafu wa Reli

Asante mwalimu. Mimi nilisema pumzi, wewe umeipa namba.

Kipara Ngoto

Kumbe maharage siyo mbegu. Uzi umenilipa.

FundiTurbo_Cheyo

Aisee. Nimesoma mara tatu. Turbo nimefungua zaidi ya elfu sijawahi kufikiria hivyo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi naiwasha, majirani wanisamehe.

Mama Asali Sikonge

Samahani nachomekea. Mnasema kuwasha alfajiri, mume wangu ana pampu ya maji ilikuwa haiwaki, kumbe nyigu wa udongo wamejenga ndani ya bomba. Hiyo yenu ina mdomo wazi, mnaiziba na nini usiku?

FundiTurbo_Cheyo

Mama ubarikiwe. Naiziba na kifuniko cha ndoo ya rangi na bado siku moja nilikuta nyigu wamejenga kwenye kile kimrija cha kupimia presha. Tochi kwanza kila siku. Wavu mbele ni lazima, hasa kipindi hiki cha vumbi, kokoto ndogo ya punje ya mchele ikiingia kwenye kompresa inang'oa ncha za majani na shafti inapoteza balansi.

FundiTurbo_Cheyo

Wakuu nimerudi. Saa kumi na mbili na robo, kipimajoto nyuzi 19, wavu umefutwa, mafuta yaleyale, mizunguko ileile. Kilo 8.3. Nikarudia, 8.3. Nikasubiri saa nane mchana nyuzi 33, kilo 7.7 kama kawaida.

Nimempigia binamu nimemwomba radhi, naye anipelekee radhi kwa yule jamaa.

Sasa hii imebadilisha hata ushauri wangu kuhusu toleo. Wengi wa pm wanataka P100-RX kwa sababu kindege chao kinataka kilo 10 na karatasi inasema kilo 10. Kwa Tabora mchana wa mwezi wa kumi hiyo ni kilo 8 au pungufu, ndege itatambaa kwenye majani mpaka uzio. Huku bara chukua ya juu zaidi ya hesabu ya pwani, na ukiwa kati ya mtumba wa gesi wenye nyutoni nyingi na toleo jipya la kuwasha kwa mafuta lenye nyutoni pungufu kidogo, mi sasa naenda na jipya, ukishahesabu na ule msala wa kondakta.

Kingine kwenye hayo mapya, pampu na stata nyingi sasa ni mota zisizo na brashi za kaboni. Ya kwangu stata ni ya kaboni, zinaisha, na vumbi lake linaingia palepale. Na baada ya kuzima msikimbilie kuchomoa betri! Stata inaendelea kuzungusha kidogo kidogo kuipooza, ukikata umeme joto lote la turbaini linarudi mbele kupitia shafti na bering ya nyuma inakaangwa. Mi na umeme wetu huu betri naiacha imejaa ndo nawasha, nusu chaji siigusi. Huduma ni kila saa 25 za kuzunguka, zinaonekana nyingi lakini stendi inazila haraka. Bei msiniulize, mpya ya ukubwa huu ni zaidi ya dola 2,000 kabla ya kodi.

dogo_isevya

Na kurusha je bro? Tunaweza kukutana uwanja fulani?

FundiTurbo_Cheyo

Kurusha siyo kukutana uwanja fulani. Chombo cha rimoti kinataka usajili na kibali, TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na Wizara ya Ulinzi, na hiki ni jeti siyo kidroni cha harusi. Ndo maana mi nipo kwenye stendi. Stendi haina kesi.

Migebuka Fresh

Fundi, sasa ikija kwetu Kigoma je? Huku tuko chini zaidi.

Ticha Unyanyembe

Uso wa ziwa Tanganyika upo kama mita 770. Presha hapo ni kama 92. Kwa asubuhi ya nyuzi 22, nikianzia kwenye ile 8.3 yake ya hapa, namwandikia kilo 8.7. Nashikilia hapo.

Migebuka Fresh

Njoo nayo, kulala kwangu, mgebuka wa kubanika upo, ugali wa muhogo upo. Mizani ninayo ya kwangu, ya kwako siiamini.

FundiTurbo_Cheyo

Wakuu samahani kwa ukimya wa wiki mbili. Nilipanda treni na injini kwenye ndoo ya rangi iliyofungwa blanketi, mafuta niliyaacha, nikanunua huko nikachuja huko. Abiria mwenzangu aliniuliza ni nini nikamwambia jiko, akaniuliza linatumia mkaa au gesi nikasema linatumia mafuta ya taa, akasema haya majiko siku hizi yamekuwa mazito.

Kibirizi, saa moja kasoro asubuhi, upepo unatoka ziwani, mdomo wa injini tumeuelekeza majini. Watoto wamejaa. Wavuvi waliokuwa wanarudi na dagaa wamezima injini zao kusikiliza. Nyuzi 22 kamili. Nimefunga mizani yangu, halafu Migebuka akafungua akafunga ya kwake mbele ya mashahidi.

Yangu 8.6. Yake 8.6.

Ticha umekosea gramu 100, utatuletea karanga.

Ticha Unyanyembe

Mizani ya samaki inasoma kwa gramu 100. Sikuleta karanga zozote.

Migebuka Fresh

Nathibitisha mizani ni yangu. Na mzee mmoja hapa amesema kwa kelele zile dagaa hawatarudi mpaka mwezi ujao, anataka fidia, nimempa namba ya fundi.